Maswali ya Wasomaji: Mbona Mhusika Wangu Anaelea?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhuishaji na ninakaribia kumaliza mwaka wangu wa kwanza. Nilipoanza nilijua kuchora kwa penseli na karatasi tu, na kompyuta nilikuwa nikiitumia kuandika na kutazama filamu. Tangu hapo nimefundishwa kuchora kwa kalamu na tableti, kupanga picha katika matabaka, kutengeneza maumbo ya pande tatu na kuyatia mifupa ili yaweze kusogezwa, kuweka taa na kamera, kuhariri sauti, na kuunganisha yote hayo yakawa filamu fupi. Nikitazama nilikotoka naona nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na mkono ambao mwanzoni ulipotea juu ya tableti kwa sababu jicho lilikuwa kwenye skrini, sasa umetulia.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua. Kadiri ninavyoifahamu programu, ndivyo kazi zangu zinavyozidi kupendeza kwa rangi na taa, lakini mwendo wenyewe haubadiliki. Mhusika wangu anatembea bila uzito, mkono wake unapanda na kushuka kwa ulaini usio na uhai, na mpira ninaoudundisha unaonekana kama unashuka ndani ya maji. Ile michoro niliyokuwa nikiichora utotoni kwenye pembe za daftari, kisha kuipekua kwa kidole gumba, ilikuwa na uhai zaidi. Wenzangu wananishauri nihamie programu nyingine yenye uwezo mkubwa. Je, kompyuta imeniharibu? Mwaka ujao niongeze programu au nirudi kwenye karatasi?

JIBU: Marahaba. Barua yako imenipendeza kwa sababu umetofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya, yaani picha nzuri na mwendo mzuri. Nitaanza na mpira, maana mhusika anayetembea ana matatizo yaleyale ya mpira, ila yamezidishwa kwa idadi ya viungo vyake.

Filamu ya sinema kwa kawaida huwa na fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa kila sekunde. Mpira ukiachiwa kutoka kimo cha mita 1.2 hivi hugusa sakafu baada ya nusu sekunde, ambayo ni sawa na fremu 12. Katika programu unaweka fremu kuu mbili, moja mpira ukiwa juu na nyingine ukiwa sakafuni fremu 12 baadaye, kisha kompyuta inajaza zilizo katikati. Mpira wa kweli, ikifika fremu ya sita, huwa umeshuka robo tu ya njia, yaani sentimita 30 hivi, na robo tatu zilizobaki huzimaliza katika fremu sita za mwisho kwa kasi inayoongezeka hadi unapogonga sakafu. Kompyuta iliyoachiwa ijaze kwa mwendo mmoja usiobadilika itauweka mpira huo katikati kabisa ya njia kwenye fremu ya sita. Zaidi ya hapo, programu nyingi zisipoambiwa vinginevyo hulainisha mwanzo na mwisho wa kila mwendo, kwa hiyo mpira unaanza polepole, unakaza mwendo katikati, kisha unapunguza kasi tena unapoikaribia sakafu, utadhani unaogopa kuumia. Maji uliyoyaona yanatoka hapo, na programu yenye uwezo mkubwa zaidi ingekupa maji hayohayo yakiwa na mng'ao bora.

Kompyuta haikufanya kosa lolote. Ilipewa mikao miwili na muda wa kutoka mmoja hadi mwingine, lakini hakuna aliyeieleza kama kitu kile ni mpira wa ngozi au puto, wala kwamba sakafu ni ngumu. Kwenye pembe za daftari hapakuwa na wa kukujazia. Kila ukurasa ulikulazimisha kuamua kitu kiko wapi sasa, na ingawa ulikuwa mtoto usiyejua kanuni yoyote, uliamua mara nyingi sana, na macho yako yaliyokuwa yameona vitu vikianguka tangu utotoni yaliongoza mkono. Leo unaamua mara mbili na kuiachia mashine mara kumi na moja. Nadhani tofauti unayoiona kati ya michoro ile na kazi zako za sasa inatokana zaidi na hesabu hiyo kuliko na penseli au kompyuta.

Kugawana kazi namna hii hakukuanza na kompyuta. Katika studio za zamani mhuishaji mkuu alichora mikao muhimu, na msaidizi alichora ile ya katikati. Lakini mkuu hakumwachia msaidizi akisie. Ukingoni mwa karatasi alichora mstari mdogo wenye vikato, kila kikato kikionyesha mchoro fulani wa katikati ukae karibu na mkao wa kwanza, karibu na wa pili, au nusu kwa nusu. Vikato vilivyosongamana vilimaanisha mwendo wa polepole, na vilivyoachana vilimaanisha kasi. Mstari ule bado unao katika programu yako, ila umebadilika sura ukawa grafu ya mwendo, ile dirisha yenye mistari iliyopinda ambayo wanafunzi wengi huifungua siku ya kwanza, wakaogopa, wakaifunga.

Ifungue tena, na mwaka ujao uwe mwaka wa grafu hiyo. Kusoma kwake si kugumu: muda unakwenda mlalo, mahali kitu kilipo panakwenda wima, mstari ulio mkali ni mwendo wa kasi, na mstari unaokaribia kulala ni mwendo wa polepole. Kwa mpira unaodunda, mstari wa kupanda na kushuka unapaswa kupinda kwa ulaini kule juu, ambako mpira husita kabla ya kurudi, na chini unapogusa sakafu uwe na pembe kali iliyochongoka, kwa sababu pale mwelekeo hubadilika ghafla bila kupunguza kasi kwanza. Ukikuta chini pana mviringo laini, umempata mwizi wa uzito. Vunja vishikio vya fremu hiyo, yaani vile vijiti vidogo kwenye grafu vinavyoupinda mstari, ili upande unaoingia na upande unaotoka viwe huru, kisha utazame tena.

Sasa mhusika wako. Kwa matembezi ya kawaida, wahuishaji wengi huanza na fremu 12 kwa kila hatua, yaani hatua mbili kwa sekunde. Kisigino kikigusa ardhi kwenye fremu ya 1, mwili unafika chini kabisa kwenye fremu ya 4 hivi, goti likiwa limepinda kupokea uzito. Kwenye fremu ya 7 mguu wa nyuma unaupita ule uliosimama. Kwenye fremu ya 10 mwili uko juu kabisa ukisukumwa na vidole vya mguu wa nyuma. Na kwenye fremu ya 13 kisigino cha pili kinagusa. Kinachobeba uzito katika mlolongo huo ni kiuno. Mwanafunzi huhangaika na mikono, vidole na nywele, ilhali kiuno cha mhusika kinasafiri kwa mstari ulionyooka kama kimewekwa kwenye reli, au kinapanda pale kinapopaswa kushuka. Kabla ya kugusa kiungo kingine chochote, zima kila mstari kwenye grafu ubaki na mmoja tu, ule wa kiuno kupanda na kushuka, na usiendelee mpaka mhusika asiye na mikono akuridhishe. Ni kazi ya kuchosha kidogo, nakubali, na haina kitu cha kuwaonyesha marafiki jioni.

Kuhusu utaratibu wa kazi, nakushauri uinyime kompyuta ruhusa ya kujaza mpaka mwishoni. Programu zote kubwa zina namna ya kuzifanya fremu kuu ziruke kutoka mkao hadi mkao bila kupita katikati. Anza hivyo. Weka mikao mikuu, kisha ile inayoonyesha njia kati ya mkao na mkao, kisha ongeza mingine mpaka mwendo usomeke ukiwa bado unarukaruka. Uhuishaji mwingi wa penseli ulichorwa kwa kuushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, ikawa michoro 12 kwa sekunde, na jicho la mtazamaji liliridhika. Ukifikia mahali ambapo una mkao wako mwenyewe kila baada ya fremu mbili, tatu au nne, iruhusu mashine ijaze; kwa wakati huo imebakiwa na nafasi ndogo sana ya kuharibu.

Usidhani kwamba haya ni mawazo ya wazee wanaoililia karatasi. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, waliokuwa wahuishaji wa Disney kwa miongo mingi, walichapisha maelezo ya kanuni 12 za uhuishaji zilizotokana na kazi ya mkono, zikiwemo maandalizi kabla ya tendo, kusinyaa na kunyooka, na kuanza na kumaliza mwendo polepole. Mwaka 1987 John Lasseter, akiwa Pixar, aliwasilisha makala mbele ya wataalamu wa picha za kompyuta akionyesha kwamba kanuni zilezile za penseli ndizo zinazotakiwa katika maumbo ya pande tatu. Miaka minane baadaye, mwaka 1995, ilitoka Toy Story aliyoiongoza, filamu ndefu ya kwanza iliyohuishwa yote kwa kompyuta. Mashine zilizoitengeneza zilikuwa dhaifu mno zikilinganishwa na iliyo mbele yako sasa.

Kuna ujuzi mwingine wa kidijitali ambao hauna sifa lakini unalipa. Jifunze njia za mkato za kibodi za vitendo unavyovirudia kila wakati: kuweka fremu kuu, kusogea fremu moja mbele au nyuma, kucheza na kusimamisha. Kila mara kipanya kinapokwenda kutafuta kitufe, jicho linauacha mkao, na likirudi huwa limesahau lilichokuwa likikitilia shaka. Pia jirekodi kwa simu ukitenda lile unalotaka mhusika alitende, kisha lisome fremu kwa fremu. Hapo angalia hesabu: simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo tendo lililochukua fremu 15 kwenye video litachukua 12 kwenye kazi yako ya fremu 24. Lakini usiifuatishe video juu kwa juu. Kuchora juu ya filamu ni mbinu ya zamani, na Max Fleischer alipewa hataza ya kifaa chake cha kufanyia hivyo mwaka 1917; kwa mwanafunzi, hata hivyo, ina hatari ileile ya kujaziwa, kwa kuwa kamera ndiyo inayoamua na wewe unabaki kunakili. Tazama video, andika pembeni fremu ambazo uzito unahama, ifunge, kisha anza.

Karatasi irudi, lakini kwa kazi ndogo: vichoro vya haraka vya mikao kabla hujawasha programu, vidogo kiasi kwamba huwezi kuingia katika mapambo. Programu mpya usiongeze kwa sasa. Ukiweza kuufanya mpira mmoja uwe wa chuma na mwingine uwe wa karatasi, vyote vikiwa duara lisilo na rangi wala kivuli, na mtu asiyejua chochote akatambua upi ni upi, hapo ndipo unaweza kutazama orodha ya programu bila kudanganywa na vitufe vyake.

SWALI: Ninasoma uhuishaji chuoni kwa programu ya kulipia, na leseni ya wanafunzi itakoma nikihitimu. Nyumbani sina uwezo wa kuinunua. Je, ninapoteza muda, na je, programu huria zinaweza kumpa mtu kazi ya maana?

JIBU: Hupotezi muda. Studio nyingi kubwa hutumia Maya kwa pande tatu na Toon Boom Harmony kwa pande mbili, na mtu aliyezizoea huanza kazi bila kufundishwa upya. Lakini mfano wa Flash, programu ya kutengenezea katuni za intaneti, unafundisha. Ilianza mwaka 1996, ikapita mikononi mwa Macromedia, kampuni hiyo ikanunuliwa na Adobe mwaka 2005, na kwa miaka mingi katuni za intaneti zilikuwa karibu ni jina jingine la Flash. Kichezeshi chake kiliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020. Waliokuwa wamejifunza muda, mkao na kujenga mhusika kwa vipande vinavyotumika tena walihama na ujuzi wao. Waliokuwa wamejifunza mahali vitufe vilipo walilazimika kuanza upya.

Kuhusu programu huria, Blender ilifunguliwa kwa umma mwaka 2002, baada ya wapenzi wake kuchangishana euro 100,000 kuikomboa. Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji mwaka 2025, kwa hiyo shaka ya kwamba programu ya bure ni ya kuchezea tu haina tena pa kusimama. Kwa pande mbili ipo OpenToonz, iliyotolewa bure mwaka 2016 ikitokana na programu iliyokuwa ikitumiwa na Studio Ghibli, na ipo Krita, ambayo mimi huipendekeza kwa anayeanza kwa sababu inaanza kama daftari la kuchorea na haimtishi mtu.

La haraka kwako ni hili: faili za kazi za programu ya kulipia mara nyingi hazifunguki kwingine, na leseni ikikoma utabaki na folda zilizofungwa. Kabla ya kuhitimu, toa kila kazi unayoithamini kwa muundo usiofungwa na kampuni moja. Picha zitoke kama mfululizo wa PNG, sauti kama WAV, maumbo na mifupa yake kama FBX au USD. Baadhi ya mambo yatapotea njiani, hasa mipangilio ya vidhibiti vya mhusika, kwa hiyo fanya majaribio mapema wakati bado unaweza kurudi kurekebisha.

SWALI: Umeme ulikatika nikiwa nakaribia kumaliza kurenda filamu yangu ya darasani, yaani kuiacha kompyuta iigeuze kazi kuwa picha kamili, na faili ya video ikakataa kufunguka. Nifanyeje nisipatwe tena?

JIBU: Usirende moja kwa moja kuwa video. Toa kila fremu kama picha yake yenye namba, kisha mwishoni uziunganishe kuwa video, kazi inayochukua muda mfupi. Piga hesabu uone faida: sekunde 10 za filamu ni fremu 240, na kama kila fremu inachukua dakika 3, unazungumzia saa 12. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 200 huku unarenda video, kwa kawaida unarudi mwanzo. Ukiwa unarenda picha, unaanzia 201, labda na 200 yenyewe ikiwa imeandikwa nusu. Faida nyingine ni kwamba ukigundua kosa kwenye fremu chache, unazitoa hizo pekee upya. Na kabla ya kurenda kwa ubora kamili, toa nakala hafifu ya filamu nzima kwa ukubwa mdogo na bila taa za kupendeza, uitazame mwendo wake ukiwa umetulia, kwa kuwa hakuna maana ya kusubiri saa 12 ili kugundua mguu unateleza.

Kuhusu nakala za akiba, weka nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine mahali tofauti kabisa na pale unapofanyia kazi. Mwaka 1998, wakati Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya faili za filamu, na walipogeukia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Kazi iliokolewa kwa sababu mmoja wa wasimamizi, aliyekuwa na mtoto mchanga, alikuwa na nakala kwenye kompyuta aliyokuwa akifanyia kazi nyumbani. Kwa hiyo mara kwa mara chukua faili moja kutoka kwenye akiba yako, ifungue kwenye kompyuta nyingine, na uhakikishe kwamba picha za maumbo, sauti na mifupa vyote vimekuja nayo. Faili za uhuishaji mara nyingi hazibebi vitu hivyo ndani yake, bali huelekeza tu mahali vilipo kwenye diski ya kwanza, na utalijua hilo siku hiyo ya majaribio.

Kila unapofikia hatua, hifadhi toleo jipya lenye namba badala ya kuandika juu ya lile la jana: onyesho03_tembea_v07, kisha v08. Jina la faili lenye neno “mwisho” nimeliona likifuatwa na “mwisho_kabisa” mara nyingi mno kuliamini.